Namna ya Kupanga Simu na Vifaa Janja kwa Ndugu Mwenye Ulemavu wa Akili au Tatizo la Kumbukumbu

Mwongozo huu ni wa familia inayoishi na mtu ambaye kukumbuka, kufuata mpangilio wa mambo, kusoma saa au kuhesabu pesa kunamwia vigumu, awe ni kijana aliyezaliwa na ulemavu wa akili, mtoto mwenye usonji, mtu mzima aliyeumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda, baba aliyepata kiharusi, au bibi ambaye miaka ya karibuni ameanza kusahau. Nimeuandika nikiwa Dodoma na kwa kuzifikiria nyumba za Dodoma, zile zenye simu janja moja au mbili, kitochi kimoja, umeme wa LUKU na bando la wiki. Nyumba za kwenye matangazo, ambamo mapazia hujifungua yenyewe, sizijui na sitazizungumzia. Vifaa vingi vinavyosaidia kweli mnavyo tayari, ila havijapangwa kwa ajili ya mtu huyo.

Kuna jambo la kuweka sawa kabla ya kuanza. Hapa mjini ukitaja akili, kinachokumbukwa kwanza ni Mirembe, na zipo familia zinazokaa kimya kwa kuliogopa jina hilo. Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, yaani maradhi ambayo yana matibabu. Ulemavu wa akili ni kitu kingine: mtu mwenye Down syndrome, kwa mfano, amezaliwa na nakala ya ziada ya kromosomu ya 21, na hakuna kidonge cha kuiondoa; anahitaji kufundishwa kwa subira na kurahisishiwa mazingira. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Mzee aliyeanza kusahau, hasa ghafla, apelekwe kwanza hospitali, kwa sababu kusahau kunaweza kuletwa na maambukizi, upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo au hata dawa anazotumia, na hayo yanatibika.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali hasa anapokwama

Usinunue kitu bado. Chukua daftari, kaa naye kwa siku tatu za kawaida, na uandike kila anapokwama: ilikuwa saa ngapi, alikuwa akifanya nini, nani alimsaidia na kwa neno gani. Zoezi hili linachosha, na wengi huliruka kwa kudhani wanamjua ndugu yao. Mimi pia nilidhani hivyo.

Mdogo wangu ana miaka 26 na ana ulemavu wa akili. Kazi yake ni kusaidia kupanga bidhaa kwenye kibanda kimoja katika soko la Sabasaba. Kwa miaka mingi nyumbani tulisema hawezi kupanda daladala peke yake. Siku nilipopanda naye nikakaa kiti cha nyuma bila kumsemesha, niliona kwamba gari analijua, nauli anaitoa, na kituo cha kupandia hakikosi. Kilichomshinda ni kujua kwamba kituo kinachofuata ndicho chake, kwa kuwa alikuwa akimsubiri konda aite jina la kituo, na konda siku nyingine haiti. Tulikuwa tumemnyima safari nzima kwa sababu ya dakika mbili za mwisho.

Kwa hiyo kila shughuli igawe vipande vidogo. Kupika chai, ukihesabu vizuri, kuna vipande vipatavyo tisa tangu kuchukua sufuria hadi kuzima jiko, na mara nyingi utakuta mtu wako anakwama kwenye kimoja au viwili. Kifaa kiwekwe hapo tu. Ukimkumbusha vyote tisa, baada ya miezi michache atakuwa anasubiri kuambiwa hata vile alivyovimudu mwenyewe.

Ukimaliza siku tatu, chagua shida moja. Yenye hatari itangulie, yaani dawa, moto na barabara. Kama hatari haipo, chagua ile inayomuudhi yeye, hata kama wewe unaiona ndogo.

Hatua ya pili: kubaliana naye

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata, 2010, ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Zote mbili zinatambua heshima ya mtu na uhuru wake wa kujiamulia mambo. Ninalitaja hili kwa sababu kishawishi cha teknolojia hii ni kumfungia mtu saa inayoonyesha alipo, kama mbuzi aliyefungwa kengele, bila mtu yeyote kumuuliza.

Muulize kwa maneno mafupi, kifaa kikiwa mkononi mwake, na umpe machaguo mawili yanayoeleweka: “Saa hii itanionyesha ulipo. Unataka kuivaa ukienda sokoni, au hutaki?” Mwache aijaribu kwa siku tatu, halafu muulize tena. Asiyeweza kusema vizuri hujibu kwa vitendo. Saa ikikutwa chini ya godoro mara mbili, amekwisha kujibu, na kazi yako ni kutafuta sababu, ambayo huenda ni mkanda unaombana tu. Pale ambapo hatari ni kubwa na makubaliano hayapatikani, mwiteni afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri akae nanyi, kwa kuwa uamuzi wa kumfuatilia mtu mzima bila ridhaa yake haufai kuachiwa ndugu mmoja mwenye hasira.

Amueni pia ni nani watakaoona taarifa zake. Watu wawili wanatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo picha ya cheti chake cha kliniki haina sababu ya kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu 80.

Hatua ya tatu: chagua simu

Msikidharau kitochi. Chaji yake hukaa siku kadhaa, vitufe vyake vinahisika kwa kidole, kikianguka hakipasuki kioo, na vingi vinakuruhusu kupanga namba ya mtu kwenye tarakimu moja, ili akibonyeza 2 kwa muda mrefu simu ikuite wewe. Kwa mzee aliyezoea vitufe, kumpa simu ya kupapasa leo ni kumwongezea shida ya pili juu ya ile ya kwanza. Kijana anayependa picha na anayeweza kugusa kioo atafaidika zaidi na simu janja, kwa sababu picha na sauti ndizo zitakazofanya kazi ambayo maandishi hayaiwezi.

Mkiwa dukani, jaribuni mambo matatu: spika ina sauti ya kusikika kutoka chumba cha pili, betri ni kubwa, na simu inakubali kifuniko chenye kamba ya shingoni. Upepo wa Dodoma na vumbi lake huziba tundu la chaji haraka, hivyo nunueni pia kizibo chake cha mpira, na msafishe tundu hilo kwa kijiti kikavu cha mbao mara moja kwa mwezi simu ikiwa imezimwa.

Laini isajiliwe kwa kitambulisho chake mwenyewe kama anacho. Piga *106# kwenye laini hiyo uhakiki usajili wake, kwa sababu watu wa namna hii ndio ambao wajanja hupenda kuwasajilia laini wasizozijua.

Hatua ya nne: punguza vilivyo kwenye kioo

Simu mpya huja na alama nyingi ambazo hatazitumia kamwe. Ondoa au ficha zote isipokuwa nne au tano: kupiga simu, kamera, picha, saa na WhatsApp. Ziweke kwenye ukurasa wa kwanza, na ufute kurasa nyingine. Kuza maandishi. Kwenye majina ya simu, kila mtu awe na picha yake ya uso, iliyopigwa kwa karibu, akiwa amevaa anavyovaa siku zote; picha ya harusi iliyojaa vipodozi haitambuliki.

Kama anapotea ndani ya simu kwa kugusa huku na kule, simu za Android tangu toleo la 5 la mwaka 2014 zina njia ya kubandika skrini, ambayo huifanya simu ibaki kwenye programu moja mpaka mtu aitoe kwa makusudi; itafute ndani ya Mipangilio, sehemu ya usalama. Mwenye iPhone atumie Assistive Access, iliyokuja na iOS 17 mwaka 2023 na kutengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu wa akili na utambuzi: alama huwa kubwa sana, chache, na kitufe cha kurudi nyuma huonekana muda wote.

Zima taarifa zote zinazojitokeza zenyewe, pamoja na zile za mchezo wa bahati nasibu. Jaza maelezo ya dharura yanayosomeka hata simu ikiwa imefungwa: jina, namba mbili za ndugu, na dawa anazotumia.

Hatua ya tano: panga alamu, na umuwekee sauti ya mtu anayemjua

Hapa ndipo simu inapofanya kazi kubwa kuliko kwingine kote, na ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kosa la kwanza ni la saa. Simu huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi huhesabu kuanzia macheo na machweo. Saa moja asubuhi kwenye simu ni 7:00, saa nane mchana ni 14:00, saa mbili usiku ni 20:00. Kila mtu anajua hivyo, mpaka siku anapopanga alamu akiwa amechoka. Mimi nilikuwa nampangia mdogo wangu alamu ya kuamka ya saa moja, nikabonyeza 1:00 na kwenda kulala. Ikalia saa saba usiku. Sikusikia. Nilipoamka alfajiri nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, ameoga kwa maji baridi, amevaa shati la kazini na viatu, begi liko mapajani, anasubiri kupambazuke. Hakulalamika, simu ilikuwa imesema ni asubuhi, na yeye ameiamini simu kuliko giza. Tangu siku hiyo simu yake inaonyesha saa 24, na kila alamu ninayoiandika mtu wa pili huisoma kwa sauti kabla haijawashwa.

Jambo la pili ni sauti. Kengele tupu humwambia mtu kwamba kuna kitu, haimwambii ni kitu gani, na kwa mwenye tatizo la kumbukumbu huo ni usumbufu mtupu. Rekodi ujumbe kwa kinasa sauti cha simu, uhifadhi, kisha nenda kwenye programu ya saa, chagua alamu, bonyeza mlio wake na uuchague ujumbe ule badala ya muziki. Karibu simu zote za Android zinaruhusu hili. Ujumbe uwe na sentensi tatu fupi: ni wakati gani, afanye nini, kitu kiko wapi. “Ni saa moja asubuhi. Kunywa dawa yako. Iko kwenye kiboksi chekundu juu ya kabati.” Usiseme “haraka”, usiulize swali, wala usiweke mambo mawili kwenye alamu moja.

Sauti za mashine za Kiswahili zipo, na Google waliongeza Kiswahili kwenye huduma yao ya kuandika kwa kusema mwaka 2017, kwa hiyo asiyejua kuandika anaweza kusema na simu ikamwandikia. Lakini mashine hizo hazisemi Kigogo, na mtu anayesahau mara nyingi hubakiwa zaidi na lugha ya utotoni. Kwa bibi yetu wa Chamwino, ujumbe wa Kiswahili sanifu ulikuwa ukilia na yeye anaendelea na mambo yake. Shangazi alipouweka kwa Kigogo, ukianza na “Mbukwenyi”, bibi aliitikia salamu siku ileile ya kwanza. Likazuka tatizo jingine: baada ya kuitikia alizunguka nyumba nzima akimtafuta shangazi. Ujumbe ukabadilishwa, ukawa unaanza kwa kusema kwamba hii ni simu, na shangazi mwenyewe yuko kazini. Akaacha kutafuta. Msirekodi kauli kama “nitakuja jioni”, kwa kuwa simu itaahidi hivyo hata siku ambazo hamtakwenda.

Kwa dawa, alamu peke yake ni hatari, kwani anaweza kuisikia, akanywa, akasahau, akanywa tena. Nunueni kiboksi chenye vyumba saba vya siku za wiki, kinapatikana kwenye maduka makubwa ya dawa, na kila Jumapili mtu mmoja akijaze. Chumba kikiwa kitupu, dawa imenywewa. Hakuna haja ya kukumbuka. Kwa dawa za kifafa muwe waangalifu zaidi, maana kuzikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege kali, na akikosa dozi ni mhudumu wa afya wa kuulizwa, si kumzidishia dozi inayofuata.

Anza na alamu moja kwa wiki nzima. Mtu aliyewekewa alamu nane siku ya kwanza hujifunza kitu kimoja tu, ambacho ni namna ya kuizima simu.

Hatua ya sita: tengeneza video za kazi za nyumbani

Kwa shughuli yenye vipande vingi, video fupi ni msaada kuliko orodha. Irekodi jikoni kwenu, kwa sufuria zenu, kamera ikiwa juu ya bega la anayefanya, ili mikono ionekane kama mikono ya anayetazama. Isizidi dakika moja kwa kipande. Mwisho wa kila kipande simama na useme “sasa simamisha, fanya”, halafu kipande kinachofuata kiwe video nyingine. Zipange kwenye albamu moja kwa mpangilio, na picha ya kwanza ya kila video iwe ni kile kitu chenyewe: kopo la majani, sufuria, kiberiti. Na umrekodi yeye mwenyewe siku atakapopatia. Mdogo wangu huitazama video yake mwenyewe kwa makini kuliko yangu, na siku nyingine anajichekea.

Picha zilezile zichapwe, ziwekewe plastiki, zibandikwe ukutani. Siku simu haina chaji, chai bado itapikwa.

Hatua ya saba: safari

Kwa tatizo la kituo cha daladala nililolieleza, nilijaribu kwanza programu ya kutetemesha simu mtu anapokaribia mahali fulani. Ilifanya kazi, ila ilimaliza chaji kabla ya saa nane mchana. Tukairudia picha. Tulipiga picha ya jengo lililo kituo kimoja kabla ya kile chake, tukaiweka kuwa picha ya kwanza anayoiona akifungua simu, na tukamfundisha kwamba akiliona jengo hili, anasimama na kusema “shusha”. Tulipanda naye mara nne, kila mara mimi nikikaa mbali zaidi. Mara ya tano nilimsubiri kituoni. Kama daladala za njia yenu zina mstari wa rangi ubavuni, nao piga picha.

Ili kujua alipo, WhatsApp inaruhusu kushiriki mahali ulipo kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua kwa kadiri ya safari, na safari ikiisha iishe. Bando lisipokuwepo hutaona kitu, na simu ikizimika utaona alipokuwa mara ya mwisho, jambo ambalo ni la msaada mkubwa kama unajua kwamba ndivyo lilivyo, na la kupotosha kama hujui.

Saa za GPS zenye laini ni nzuri kwa anayetoka nyumbani na kupotea njia. Saa hupokea ishara za satelaiti zisizopungua nne ili kujua ilipo, na kwa hilo haihitaji bando. Inahitaji laini na bando ili kukuletea taarifa. Chini ya paa la bati ishara hudhoofika, na hapo saa nyingi hukadiria kwa kutumia minara ya simu. Mjini makosa huwa madogo. Vijijini kama Bahi au Chamwino, ambako mnara uko mbali na mnara, duara kwenye ramani linaweza kumeza kijiji kizima. Vidude kama AirTag, vilivyotoka mwaka 2021, hutegemea simu za Apple zinazopita karibu, na Apple wenyewe wanasema ni vya kutafutia mizigo, si watu. Katikati ya soko la Majengo kinaweza kuonekana, porini hakitaonekana.

Kwa sababu hiyo, kifaa kisitangulie watu. Mpelekeni akajulikane kwa mjumbe wa mtaa, kijiwe cha bodaboda cha karibu na muuza duka wa kona, na muwaachie namba zenu. Mwekeeni kadi mfukoni yenye jina lake la kwanza na namba mbili za simu. Asiyeonekana kwa muda usio wa kawaida aripotiwe polisi kwa namba 112 bila kusubiri kesho.

Hatua ya nane: jikoni na usiku

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini. Kengele ya kugundua gesi ibandikwe karibu na sakafu, si zaidi ya sentimita 30 kwenda juu. Fundi mmoja alitubandikia yetu karibu na dari, ikiwa imenyooka na kupendeza, mahali ambapo gesi ingefika ikiwa nyumba imekwisha kujaa. Moshi, kwa upande wake, hupanda, na kengele ya moshi ndiyo inayokaa juu. Namba ya Zimamoto ni 114.

Kwa anayesahau jiko likiwaka, kifaa bora nilichokiona ni jiko la presha la umeme, ambalo likimaliza muda wake hupunguza moto lenyewe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na mazungumzo yake mengi ni juu ya misitu na mapafu; kwetu faida iliyoonekana mapema ni kwamba maharage hayaungui tena. Mkaa nao, hata usiposahaulika, hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni ambayo haina harufu. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa baridi ukianza, mtu asiyepima hatari huweza kuliingiza jiko chumbani ili apate joto. Usiku jiko lifungiwe nje.

Choo kikiwa uani, taa ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita ndiyo inayomwongoza na kumzuia kuanguka. Haihitaji intaneti wala LUKU. Soketi janja na balbu za Wi-Fi ninazipita haraka. Nyingi zinataka intaneti ya kudumu, na baadhi, umeme ukikatika na kurudi, huwasha tena kilichokuwa kimewashwa. Pasi iliyosahauliwa ikajiwasha usiku ni balaa. Mkizinunua, zijaribuni kwa kuzima swichi kuu na kuiwasha tena mkiwa mmesimama hapo.

Hatua ya tisa: pesa na matapeli

Ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” unamkuta kila mtu, ila ndugu yako anaweza kuutii. Mpeni laini ya matumizi yenye salio la siku mbili au tatu tu, kwenye M-Pesa au Airtel Money, na akiba yake ikae benki au kwenye laini nyingine isiyokuwa kwenye simu hiyo. Mfundisheni kanuni moja isiyo na ubaguzi: hatumi pesa kwa sababu ya ujumbe, hata ukitaja jina la mama, mpaka apige simu kwa picha ya mama na kumsikia. Fanyeni igizo. Mtu wa nyumbani amtumie ujumbe wa uongo kutoka namba ngeni, na mkae naye aone afanye nini. Ujumbe wa kitapeli wa kweli ukija, upelekeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa namba 15040, kisha ufutwe.

Namba ya siri ni yake. Kama hawezi kuikumbuka, mchagueni kwa pamoja ndugu mmoja wa kumsaidia, na kila mwezi ndugu wa pili aangalie miamala yote, maana wengi walioibiwa waliibiwa na waliowazoea.

Hatua ya kumi: jaribuni siku ya kukosa kila kitu

Chagueni Jumamosi moja, zimeni simu yake asubuhi hadi mchana, na mwangalie kinachotokea. Dawa ilinyweka? Alijua aende wapi kuomba msaada? Mahali palipovunjika ndipo panapohitaji picha ya ukutani, jirani, au pawabenki iliyojaa ikining'inia mahali pamoja siku zote. Chaji ya simu nayo iwe na alamu yake ya jioni, kabla ya kula.

Baada ya wiki mbili rudini kwenye daftari la mwanzo. Kilichokuwa kikimkwamisha bado kinamkwamisha? Kifaa ambacho hakijaguswa kwa wiki mbili kiondoeni bila lawama, na mjaribu njia nyingine kwa shida ileile kabla ya kuhamia shida ya pili. Angalieni pia upande wa pili: mambo anayoyafanya kabla ya kukumbushwa. Miezi michache iliyopita niligundua kwamba mdogo wangu anaizima alamu ya saa moja kabla haijalia, tayari amevaa. Alamu ya namna hiyo ifuteni mbele yake, na mwacheni yeye ndiye abonyeze.